Theluji Kwenye Mapezi

Alibisha hodi Matyáš, mtoto wa ghorofa ya tatu,
amekumbatia chupa ya matango ya siki,
ndani yake samaki mmoja.
"Mzee Vendelín," akasema, "theluji imeingia majini."

Nje, Ostrava ilikuwa nyeupe tangu Jumatatu,
mnara wa mgodi umevaa kofia,
na mabomba ya joto ya jengo letu yalikuwa yamezima siku mbili.
Nikavaa miwani. Nikawasha taa ya kichwani,
ile iliyonimulikia makaa miaka thelathini na mmoja.

Usitamke jina la ugonjwa kabla hujaangalia.
Punje za chumvi, moja moja, zimesimama juu ya ngozi.
Si vumbi la dhahabu; hilo lina dawa yake.
Si pamba; hiyo ni kuvu.
Mapezi kayabana kama mtu aliyesahau koti,
matamvua yanakwenda mbio.
"Wenzake wanajikuna?"
"Kwenye mawe. Kama wewe na mgongo wako mlangoni."
"Na wageni, ulinunua?"
Akatazama viatu vyake.
Wawili. Soko la Jumapili. Bei ya kutupa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
kwa watu, sawa.
Samaki mgeni mpe wiki tatu,
maji yake, wavu wake, kona yake,
ndipo umjulishe kwa wenyeji.

Tukapanda ngazi, mimi nikitua kila ghorofa.
Sikiliza, nikamwambia nilipopata pumzi,
mdudu huyu anafanya kazi kwa zamu.
Zamu ya kwanza yumo chini ya ngozi, anakula,
dawa inapita juu yake
kama mvua juu ya mtu aliye shimoni.
Kikulacho ki ngozini mwako, na mkono haufiki.
Zamu ya pili anadondoka, anajifungia changaraweni,
na mmoja anakuwa mamia.
Ya tatu, watoto wanatoka uchi, wana njaa, wanatafuta ngozi.
Hapo ndipo dawa inawakuta. Hapo tu.

Basi tukapandisha joto,
digrii moja asubuhi, moja jioni, mpaka thelathini,
ili mdudu aharakishe aanguke.
Pampu ya hewa tukaifungua yote,
maana maji ya moto yana pumzi haba.
Matone ya kijani; nusu kipimo,
kwa ajili ya kambare wadogo wasio na magamba.
"Na makaa yaliyo kwenye chujio, yatoe,
yanainywa dawa."
Nikacheka mpaka nikakohoa:
maisha yangu yote, kutoa makaa.

Siku ya pili alikufa mmoja, yule wa chupa.
Matyáš hakulia. Alimfunga kwa karatasi ya chokoleti.

Siku ya nne ngozi zilikuwa safi.
"Wamepona! Tuache!"
Nikamwambia habari za ukuta wa namba za shaba:
kila anayeshuka huchukua yake, akipanda huirudisha,
na zamu haijaisha
mpaka msumari wa mwisho uvae namba.
Msumari wa Bohuš ulibaki mtupu.
Kimya hakina maana ya usalama.
Nyonya changarawe. Badili maji. Siku kumi zaidi.

Akauliza kwa nini nakohoa.
Nikamwonyesha ile picha ya hospitali,
nikaishika dirishani:
mapafu meusi, na ndani yake vidoa vyeupe,
punje za chumvi, moja moja.
Akaisogelea, pua karibu na karatasi,
kama nilivyomfundisha.
"Hawa wanaanguka lini?"
"Hawa hawaanguki."

Siku ya kumi na nne tukahesabu: tisa wanaogelea,
wanagombania makombo kama wenye nyumba.
Akaniteremsha mpaka mlangoni pangu,
akaingia bila kuniuliza,
akapiga magoti kando ya bomba la joto,
akazungusha kifundo,
kidogo tu,
digrii moja.